Ukuta Unaotazamana na Kitanda

3 Februari

Shemeji yangu mpendwa na mheshimiwa,

Pokea salamu zangu nyingi, wewe pamoja na mwanao, mkamwana wako, na wateja wote wanaoingia studioni kwako wakiwa wamejipaka mafuta usoni. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo tangu zamani halipatani na ngazi. Kabla sijasema neno jingine, naomba radhi. Barua yako ya pole ilinifikia mwaka jana. Niliisoma, nikaiweka mezani, na kila asubuhi nilipokuwa nikinywa chai ilinitazama. Kwa mtu aliyekula mshahara wa posta tangu ujana hadi kustaafu, kuchelewesha barua ni sawa na fundi cherehani kutembea na suruali iliyochanika. Nisamehe. Sikuwa na maneno.

Sasa ninayo machache, nayo yanahusu ombi.

Unakumbuka kwamba marehemu mke wangu, dada yako, alilazwa majuma mengi katika wodi ya wanawake ya hospitali yetu. Kitanda chake kilitazamana na ukuta mtupu. Kila nilipokwenda kumwona, jambo lililoniuma kuliko yote, hata kuliko dripu, ni ukuta ule: mweupe, mrefu, usio na hata msumari. Mwanamke aliyependa kutazama vitu kama yule, kuwekwa mbele ya ukuta! Wauguzi hawakuwa na kosa. Walimwosha, walimchana nywele, walimtania hadi akacheka akiwa na maumivu. Tangu siku ya maziko nimekuwa nikitafuta namna ya kuwashukuru, na kila niliyoifikiria ilikuwa ndogo.

Juma lililopita nilikutana dukani na muuguzi msimamizi wa wodi ile, ambaye sote humwita Sista. Alinieleza kwamba wodi inapakwa rangi, wagonjwa wamehamishiwa jengo jingine, na watarudi mwanzoni mwa Aprili. Nikajikuta nimeropoka: "Sista, niruhusu nilete picha kubwa ya milima yetu, itundikwe kwenye ukuta ule." Akacheka, akasema, "Babu, ukiileta kabla wagonjwa hawajarudi, msumari nitaupigilia mwenyewe."

Basi nimeahidi. Picha za kununua zipo, lakini hiyo ingekuwa shukrani ya mtu mwingine. Nataka niipige kwa mikono yangu, kwa kamera ile uliyomwachia dada yako. Naambatanisha majaribio yangu ya kwanza. Tafadhali nifundishe. Kama kazi zingekuruhusu kuja mwenyewe kwa siku mbili tatu, ningefurahi zaidi. Kwa simu haiwezekani, kwani picha ndani ya simu yangu huonekana kama stempu, nami nimetazama stempu za kutosha.

Barua hii nampa mpwa wangu, dereva wa lori la magodoro, anayepita mjini kwenu kila juma. Usinishangae kwa kutotumia posta. Naogopa wataikunja bahasha. Nawafahamu.

Shemeji yako mnyenyekevu,
Karani mstaafu


10 Februari

Shemeji, Bwana Stempu,

Hujambo wewe na goti lako? Radhi zako nimezipokea, na usiziombe tena, utamaliza karatasi.

Nimezitazama picha. Nilicheka mpaka mwanangu akaja mbio kuuliza kuna nini. Shemeji, hii ni milima au ni harusi? Kila picha watu wamejipanga mstari, mikono imenyooka, wote wananikodolea macho! Huyu mwenye jembe, mbona amelishika kama bunduki ya gwaride? Na milima yenyewe iko huko nyuma inachungulia kama mtoto ambaye hakualikwa.

Picha nabaki nazo, ila makosa ya kila moja nimeyaandika kwa penseli kwenye karatasi ya pembeni. Hapa nakupa yale makubwa. Unapiga saa sita mchana, sivyo? Ulidhani jua likiwa jingi ndiyo vizuri. Hapana! Mchana jua limekaa utosini, linapiga kila kitu sawasawa, na mlima unalala bapa kama kadi iliyokaliwa. Nenda asubuhi jua likiwa bado limeinama, au jioni kabla halijazama. Jua la ubavuni ndilo linalouchonga mlima, likauonyesha mabonde na mbavu zake. Halafu ule mstari wa mbingu na nchi usiupitishe katikati. Amua kwanza: leo unapenda mbingu au unapenda nchi? Unayempenda mpe nafasi kubwa. Na kaa sawa, shemeji! Kuna moja humu dunia yote inamwagikia kulia. Nimejishika kitanda nisianguke nayo.

Tena weka kitu karibu na miguu yako. Jiwe, njia, majani, chochote, ili macho yapate pa kukanyaga kabla ya kwenda mbali. Na tumia ile stendi ya miguu mitatu, maana mikono yetu ya siku hizi si ya kuaminiwa.

Kuja siwezi, nimebanwa. Ila niambie jambo moja. Huo ukuta ukoje? Dirisha liko upande gani? Mwanga unaingia kwa kulia au kwa kushoto? Mgonjwa akilala macho yake yanafika wapi? Picha ya ukutani inaanza kupigwa ukutani. Ukitundika mlima wenye jua la kulia kwenye chumba chenye mwanga wa kushoto, macho yanagoma, na mwenye macho hata hajui kwa nini. Nenda ukatazame, uniandikie.

Dereva wako amemaliza chai, sasa anapiga honi kama anauza kitu. Nampa hii.

Mama Picha


24 Februari

Shemeji yangu mpendwa, mwalimu wangu,

Salamu nyingi, na mara hii naomba radhi kwa ile dunia niliyoimwagia kulia. Nimenunua kipimo cha maji cha fundi mwashi, nakiweka juu ya kamera kabla ya kubonyeza. Dunia sasa imetulia.

Naomba nijitetee kidogo kuhusu harusi. Sikuwapanga watu wale. Walijipanga. Huko misheni tulifundishwa kwamba mtu anayefanya kazi mbele za watu avae nadhifu, kwa hiyo natoka na koti na tai. Tena tulifundishwa kutompita mtu bila kumsalimia. Sasa, ukishamsalimia mtu shambani kwake, huwezi kumwelekezea chombo bila kumweleza ni chombo gani. Na ukishamweleza, kazi imekwisha.

"Mzee, unapiga nini?"

"Milima tu, mwanangu. Naomba radhi kwa usumbufu."

"Milima tu? Na sisi tumekukosea nini?" Kisha akageuka nyuma. "Njooni! Mzee anapiga bure!"

Wakaja. Ningewaambiaje wasogee? Shamba ni lao, na hata mlima waliutazama kabla yangu. Juzi mama mmoja aliniomba nimsubiri akabadili nguo. Nikamsubiri. Aliporudi alikuwa amependeza sana, na jua lilikuwa limezama.

Hata hivyo nilijaribu asubuhi moja ya ukungu, kabla watu hawajatoka, na jua likiwa bado limeinama kama ulivyoagiza. Hapakuwa na wa kumsalimia isipokuwa ng'ombe, nikamsalimia, akaendelea kula. Picha hiyo ndiyo iliyo juu kabisa ndani ya bahasha. Nimeweka jiwe mbele, na ng'ombe naye yumo. Nakiri kwamba nilipoitazama nilisimama wima dukani kwa kijana wa kusafisha picha kana kwamba wimbo wa taifa unapigwa.

Kuhusu ukuta, fundi wa rangi ameniletea vipimo vya upana na urefu. Dirisha, nadhani, liko kushoto. Au kulia. Nitakuandikia nikipata nafasi. Nimekuwa na shughuli nyingi.

Anayeileta ni dereva yule yule. Anasema chai yako ina sukari ya kutosha, si kama ya kwangu.

Shemeji yako,
Karani mstaafu


28 Februari

Bwana Stempu,

Ulimsalimia ng'ombe! Mwanangu ameisoma hiyo sehemu kwa sauti mpaka mkewe akaacha kuosha vyombo.

Picha ya ukungu ni nzuri. Sikufichi, ni nzuri, nimeishika mkononi muda mrefu. Kosa lako ni kwamba ulipiga moja ukafunga kamera, kama mtu aliyegonga muhuri. Mwanga mzuri ukija hauji peke yake. Ngoja, piga, ngoja tena. Hatua mbili kushoto, chuchumaa, piga. Wewe simama pale hadi mwanga ukuage.

Kuhusu watu, usiache salamu zako, utaumwa. Salimia. Ila ukishasalimia, kaa. Kaa chini kabisa, fungua chupa ya chai, uliza habari za mvua, na kamera iache mkobani. Watakutazama weee, halafu watakuchoka. Mtu akikuchoka anarudi kazini kwake, anakugeuzia mgongo, na hapo ndipo unapiga. Na vua hiyo tai, unawatisha.

Sasa ukuta. "Kushoto, au kulia." Shemeji! Wewe ulikuwa unajua barua ya kila mtu mjini iko kijisanduku gani, na umekaa wodi ile majuma mangapi? Shughuli gani ulizo nazo, na hata kuku wa dada yangu umewagawa wote? Nenda hospitali. Ingia, lala pale anapolala mgonjwa, utazame, uniandikie. Bila hivyo unapiga picha ya watu waliosimama, na huko hakuna aliyesimama.

Nampa dereva. Leo amekunywa vikombe viwili.

Mama Picha


6 Machi

Shemeji yangu mheshimiwa,

Asante kwa barua na kwa penseli yako. Nimefanya ulivyosema kuhusu kukaa. Nilikaa kando ya wafyatua matofali hadi wakanichoka, na matokeo yamo humu.

Kuhusu wodi, naomba kwa heshima zote usinisisitize.

Nilikwenda. Nilifika hadi langoni. Mlinzi ni yule yule wa siku zile, mwenye koti refu. Aliniona kwa mbali, akafungua mlango mdogo, akatabasamu, akasema: "Karibu Mzee! Umepotea. Mama anaendeleaje?"

Hakuwa amesikia. Siku ile hakuwa zamu. Nilimtazama, naye alikuwa amefurahi kweli kuniona, nikaona nikimwambia nitamwaibisha mbele ya watu waliokuwa nyuma yangu. Nikasema, "Anaendelea vizuri, asante." Akasema, "Mfikishie salamu." Nikasema nitazifikisha. Kisha nikajifanya nimesahau kitu, nikarudi nyumbani.

Sasa hata kupita langoni siwezi. Mlangoni pa wodi ile nilitoka mara ya mwisho nikiwa na mkoba wake mkononi. Nilidhani ningeweza, kumbe sivyo. Picha nitaimaliza kwa vipimo vya fundi, na dereva ataipeleka kwa Sista kwa niaba yangu. Najua itakuwa na kasoro. Naomba uivumilie, univumilie na mimi.

Ninayemtuma unamjua.

Karani


9 Machi

Shemeji yangu,

Basi. Usiende. Sikusukumi tena, na uliyoyasikia kutoka kwangu kuhusu kulala kitandani yafute. Piga unavyoweza, ipeleke kwa mkono wa dereva. Wale wauguzi watafurahi, na dada yangu hakuwa mtu wa kukagua.

Nami nikuambie kitu, kwa sababu naona wewe umeniambia chako. Sikuja kwa sababu siwezi kusimama. Januari nilipanda juu ya kigoda kutundika pazia la studio, kigoda kikaenda zake, nikavunjika mfupa wa paja. Nimelala tangu hapo. Sikukuandikia kwa sababu ulikuwa bado una udongo wa kaburi kwenye viatu, na mimi si mtu wa kukuongezea wodi nyingine. Mwanangu nilimkataza, na dereva wako nimemnunua kwa chai.

Kwa hiyo ninaposema mtu aliyelala macho yake yanafika wapi, sijakisoma kitabuni. Na mimi natazamana na ukuta. Wangu una ufa wenye umbo la sikio. Nilikuwa nimeanza kusema nao, shemeji, nakuambia kweli. Halafu ikaja bahasha yako na ile harusi yako ya wakulima, mwanangu akaibandika pale. Zikaja nyingine. Sasa sikio halionekani. Ile ya ukungu ipo katikati, ndiyo ninayoamka nayo, na kila asubuhi namsalimia yule ng'ombe wako.

Usifikiri umenisumbua kwa masomo haya. Hujui ulichonifanyia.

Dereva amebeba hii akiwa ameinamisha kichwa, maana amejua nimemchongea.

Mama Picha


18 Machi

Shemeji yangu mpendwa mno,

Kwanza pole. Pole kwa mfupa, kwa kigoda, na kwa majuma yote uliyolala ukinicheka ili nisijue. Nimemgombeza dereva, naye ameapa hajui lolote huku akinywa chai yangu isiyo na sukari. Naomba radhi kwa kuchelewa kujibu. Utaelewa sababu.

Uliponiruhusu nisiende, nilikosa wa kumkatalia. Nilikaa na ruhusa yako mezani siku kadhaa, nikaiona nzito kuliko amri yako. Nawe ulikuwa umelala mbele ya ukuta ukinifundisha kuhusu ukuta. Alhamisi nikavaa koti na tai (nisamehe hilo), nikaenda.

Mlinzi nilimwita kando. Nikamwambia, "Ndugu yangu, siku ile sikukuambia ukweli. Mama alifariki mwaka jana. Naomba radhi kwa kukudanganya." Alinishika mikono yote miwili. Akasema, "Mzee, kumbe ulinionea huruma mimi." Akanisindikiza mwenyewe hadi mlango wa wodi, ameacha lango wazi, na watu wanaingia watakavyo.

Sista alikuwa ndani na fundi wa rangi aliye juu ya ngazi. Nilipomweleza nilichotumwa na mwalimu wangu, alipiga makofi.

"Vua viatu, Babu, upande."

"Sista, si heshima. Hii ni wodi ya wanawake."

"Mwanamke gani unamwona hapa? Lala nikuone."

"Apande na tai?" akauliza fundi kutoka juu.

"Wewe paka rangi!"

Nikalala juu ya kitanda kile, na mikono kifuani, kama mtu aliyekwisha kuagwa. Mbele yangu ulikuwepo ukuta, kama nilivyoukumbuka. Mwanga unatoka kulia, shemeji, kulia. Nikakuandikia jibu lako moyoni. Kisha shingo ikachoka. Mtu aliyelala hawezi kutazama mbele muda mrefu, kichwa huanguka chenyewe upande, nacho kikaanguka upande wa kulia, kwenye dirisha, mahali ambapo mimi nilikuwa nikiketi.

Nikuandikie polepole hapa. Dirisha lile kwa mtu aliyesimama halina kitu. Fremu ya juu inakukata macho, unaona bati la jengo la kufulia nguo na kamba za mashuka. Mimi sikulitazama hata mara moja, kwa sababu kiti cha wageni kinaligeuzia mgongo. Lakini kwa mtu aliyeweka kichwa juu ya mto, macho yanapanda juu ya bati, na pale juu, kati ya bati na fremu, unakaa mgongo wote wa mlima. Wote, shemeji, kutoka mwanzo hadi mwisho, na miti mitatu imesimama juu yake.

Sasa nikuambie jambo ambalo sikumwambia mtu. Katika majuma yale ya mwisho dada yako alikuwa akisema maneno ambayo sikuyaelewa. Alikuwa akinitazama usoni, au ndivyo nilivyodhani, na katikati ya mazungumzo anasema, "Leo ile miti mitatu haionekani." Siku nyingine: "Umanjano umeshafika kwenye miti." Mimi nilitazama huku na huko, sikuona mti. Nikaamini homa imempanda. Nikawa namjibu kwa upole, "Ndiyo, mama," halafu natoka nje kumwomba muuguzi ampime. Homa haikuwepo. Nikaamini basi akili ndiyo inayoniaga kabla ya mwili, na nimeishi na huzuni hiyo zaidi kuliko ile ya kifo chenyewe.

Kumbe alikuwa akinisimulia. Nilidhani ananitazama mimi, naye anatazama juu ya bega langu. Nimeona wivu kidogo, nakiri, baada ya miaka yote ile ya ndoa kupitwa na mlima. Lakini shukrani imezidi wivu. Hakulala mbele ya ukuta. Alikuwa na mlima wake kila siku, alikuwa na akili zake timamu hadi mwisho, na alitaka nami niuone.

Sikuinuka haraka. Sista alimwondoa fundi, akaniletea maji, akakaa kwenye kiti cha wageni. Jua lilipogeuka niliuona umanjano wa jua ukipanda hadi kwenye miti.

Vitanda vya upande wa pili vinatazamana na ukuta ule ule, wala havioni mlima dirishani. Kwa hiyo picha bado inahitajika. Nielekeze, mwalimu. Sasa najua ninachopiga.

Dereva ananisubiri nje, nimemwambia azime injini.

Shemeji yako anayekushukuru,
Karani


21 Machi

Shemeji,

Nimeisoma. Nikaiweka chini, nikaisoma tena. Mkamwana wangu aliuliza kama mfupa unauma, nikamwambia ndiyo, aniache kidogo.

Alikuwa hivyo hivyo tangu tukiwa wadogo, anakuambia kitu anachokiona bila kukuonyesha kwa kidole, anadhani macho yako na yake ni mamoja. Asante kwa kwenda. Asante kwa kunirudishia dada yangu na akili zake, maana hata dereva alimsikia siku alipokwenda kumwona, akaniletea habari za hayo maneno, nami nililia kwa ajili hiyo.

Haya, kazi. Usiende juu ya mlima wala mbali. Tafuta mahali karibu na hospitali, nyuma ya hilo jengo la kufulia, ili mlima ukae vile vile anavyouona mtu wa kitandani. Kamera iweke chini, karibu na nyasi. Jua litoke kulia, umeniambia mwenyewe. Nchi ipe nafasi kubwa, mbingu kidogo tu, maana mgonjwa ana dari nyeupe ya kutosha. Tafuta njia inayoanzia chini ya picha na kupanda. Mtu asiyeweza kutembea mpe pa kutembea. Subiri umanjano ufike kwenye miti. Halafu usiwe mwepesi wa kufunga mkoba.

Mwanangu amekisogeza kitanda changu dirishani. Nimeona paa la jirani na paka mmoja mnene. Si haba.

Mama Picha

(Dereva nimemsamehe.)


5 Aprili

Shemeji yangu mpendwa, mwalimu wangu mheshimiwa,

Salamu zangu za dhati zikukute umekaa, kama si kusimama. Radhi ya leo ni kwa ajili ya mwandiko, maana nimeandika kwa haraka ya furaha.

Nyuma ya jengo la kufulia wapo kina mama wanaofua mashuka ya hospitali. Niliwasalimia, nikaketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, nikafungua chupa. Siku ya kwanza walinitazama. Siku ya pili walinituma nishike ncha ya shuka. Siku zilizofuata walinichoka kabisa, hata wakawa wanasengenya watu mbele yangu, nami nilijifanya sisikii. Jioni moja, baada ya mvua, umanjano ulipanda hadi kwenye miti mitatu. Nilipiga. Nikakumbuka maneno yako, sikufunga mkoba. Mmoja wa wale mama alikuwa amemaliza zamu, akaweka mzigo wake kichwani, akaingia njiani bila kuniaga, na nilipochuchumaa kwa goti langu hili bovu alikuwa tayari ni mdogo, katikati ya njia, jua limemshika bega moja. Hiyo ndiyo iliyotundikwa. Nilimpelekea kwanza aione, akasema, "Huyo ni mimi? Mbona nimependeza hivyo kwa nyuma?" Akanipa ruhusa.

Sista alipigilia msumari mwenyewe, akajigonga kidole, akatamka neno ambalo misheni hawakutufundisha.

Jana wagonjwa walikuwa wamekwisha kurudi, nami nikaenda saa za kuwaona. Mlinzi alinisalimia kwa kunyanyua kofia. Kutoka mlangoni nikawasikia kabla sijawaona.

"Nakuambia anapanda, anakwenda kwake."

"Anashuka huyo! Anatoka shambani, huoni mzigo?"

"Sasa atashukaje kinyumenyume? Si anatupa mgongo?"

"Njia inazunguka pale kwenye jiwe, wewe huoni vizuri, kitanda chako kiko kona."

"Jana ulisema ni asubuhi, leo unasema ni jioni, na bado unataka tukuamini!"

"Nyamazeni," Sista akasema, "mwenye picha huyu hapa. Ulizeni."

Wakageuza vichwa vyote juu ya mito. Mmoja alikuwa na dripu, sauti yake nyembamba kabisa, naye ndiye aliyekuwa mkali kuliko wote. "Mzee, sema kweli. Anapanda au anashuka?"

Shemeji, nilikuwepo. Najua. Lakini niliwatazama, nikaona nyuso zao zilivyokuwa hai, nikasema, "Naomba radhi, mama zangu. Jua lilikuwa machoni, sikuona vizuri." Wakapiga kelele za kushinda, kila upande ukidhani nimeutetea, wakaanza upya. Nilitoka wakiwa bado wanabishana.

Nashukuru. Nawashukuru wauguzi, mlinzi, kina mama wa mashuka, na yule mke wangu aliyenisimulia mlima nami nikaitikia bila kutazama. Nakushukuru wewe kuliko wote, uliyenifundisha kutazama ukiwa umelala. Mengine yapo, ila kwa mdomo sitayaweza, nayafahamu machozi yangu. Ndiyo maana nimeyaandika yote hapa, na nitakuomba uisome barua hii polepole mimi nikiwa nimeketi kimya.

Kwa maana dereva amefuta vumbi kiti cha mbele cha lori, na safari hii kazi yake ni kuendesha tu. Anayeichukua barua hii ni mimi mwenyewe. Mwambie mwanao aniwekee kiti upande ule usioziba dirisha.

Shemeji yako